Uzi maalumu: Saladi na mboga za majani kwa mwenye kisukari. Zianze kuliwa, zijaze nusu ya sahani

#1 BintiTabata

Habari zenu wakuu. Kwenye nyuzi za kisukari hapa jukwaani hakosekani mtu wa kuandika "kula mboga za majani kwa wingi", kisha mazungumzo yanahamia kwenye dawa na bei ya vipimo. Hiyo "kwa wingi" haielezwi. Majani gani? Kiasi gani? Yaliwe kabla ya ugali au pamoja nao? Baba yangu ana kisukari aina ya pili, anatumia metformini, na mimi ndiye ninayempikia hapa nyumbani. Naandika ninayoyafahamu, na wataalamu waliomo humu waongezee.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Majani hayashushi sukari kama kidonge kinavyoshusha. Ubora wake ni kwamba yanajaza sahani na tumbo bila kuleta wanga wa maana. Saladi, yale majani mabichi laini ambayo wengine huyaita letasi, ni maji kwa asilimia 95 hivi. Gramu 100 zake zina wanga gramu 3 tu. Gramu 100 za unga wa sembe zina wanga gramu 75 hivi. Mzee aliyezoea ugali wa gramu 150 za unga anaingiza zaidi ya gramu 110 za wanga kwa mlo mmoja, halafu kachumbari imekaa pembeni vijiko viwili kama pambo. Sukari ya mtu huyo itapanda hata akila majani kila siku ya Mungu, kwa sababu majani yameongezwa juu ya ugali uleule. Inatakiwa yachukue nafasi ya ugali.

Utaratibu ninaoufuata ni ule wa sahani unaopendekezwa na Chama cha Kisukari cha Marekani: sahani ya upana wa sentimita 23 hivi, nusu yake mboga zisizo na wanga mwingi, robo ni samaki, nyama, mayai au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ugali, wali au ndizi. Chukueni rula mpime sahani zenu. Zile za kupakulia pilau kwenye shughuli ni kubwa zaidi ya hapo, na robo ya sahani ile ni mlima. Viazi, mihogo, magimbi, mahindi ya kuchemsha na ndizi havihesabiwi kwenye nusu ya mboga hata kama vimetoka shambani asubuhi hiyo. Hivyo ni vyakula vya wanga, mahali pake ni kwenye robo.

Pili, na hapa ndipo penye faida ambayo wengi hatujaambiwa, ni mpangilio wa kula. Mwaka 2015 jarida la Diabetes Care lilichapisha utafiti wa Alpana Shukla na wenzake wa Weill Cornell, New York. Walichukua watu 11 wenye kisukari aina ya pili, wote wakitumia metformini, wakawapa mlo uleule kwa siku mbili tofauti: mkate, juisi ya machungwa, kuku wa kuchoma, saladi ya letasi na nyanya, na brokoli. Siku ya kwanza walianza na mkate na juisi, dakika 15 baadaye wakala mboga na kuku. Siku ya pili wakageuza, mboga na kuku vikatangulia. Chakula hakikubadilika hata punje. Mboga na kuku zilipotangulia, sukari ilikuwa chini kwa karibu asilimia 29 baada ya nusu saa, asilimia 37 baada ya saa moja, na asilimia 17 baada ya saa mbili. Watu 11 ni wachache, nakubali, lakini jambo lenyewe linaeleweka: nyuzinyuzi, protini na mafuta vikitangulia tumboni, chakula kinatoka tumboni taratibu na wanga unaokuja nyuma hauingii kwenye damu kwa kishindo.

Kwa nyumba zetu hili ni gumu kidogo, kwa sababu tumelelewa kumega tonge na kuchovya mboga. Huwezi kumwambia mzee wa miaka sabini ale mboga yote halafu abaki na ugali mkavu. Ninachofanya, namtengea baba bakuli la saladi wakati ugali bado uko jikoni. Ninaichambua, naosha jani mojamoja kwenye maji ya bomba yanayotiririka, nakung'uta kwenye chujio mpaka ikauke, maana saladi yenye maji haishiki ndimu. Naikatakata kwa vipande vinene, natia tango, nyanya, kitunguu kidogo kilichooshwa kwa chumvi na kusuuzwa, robo ya parachichi, ndimu, na karanga za kukaanga zilizotwangwa kidogo juu yake. Anakula akisikiliza taarifa ya habari. Ugali unapofika mezani ameshalainika, na tonge zake ni za kumalizia. Mchicha au matembele ya kulia ugali bado yapo kama kawaida.

Parachichi na karanga siviweki kwa urembo. Vile virutubisho vya rangi vilivyomo kwenye majani, vinavyogeuka kuwa vitamini A mwilini, vinahitaji mafuta kidogo ili vifyonzwe. Lakini kidogo. Kinachoharibu saladi nyingi za mjini ni mayonezi inayomwagwa kama rojo, na sosi ya nyanya ya chupa ambayo kijiko kimoja cha mezani kina sukari gramu 4 hivi. Ndimu, siki na kijiko cha mafuta vinatosha.

Mwisho, msiishie kwenye saladi. Saladi ni nzuri kwa kujaza bakuli, ila kwa lishe mchicha, spinachi, sukuma wiki, figiri na majani ya maboga vinaizidi kwa mbali. Kanuni ya haraka ni rangi: kijani kikiwa kimekolea, ndani kuna zaidi. Mwaka 2010 Patrice Carter na wenzake wa Leicester walichapisha kwenye jarida la BMJ uchambuzi wa tafiti sita zenye watu zaidi ya laki mbili. Waliokula zaidi mboga za majani ya kijani, kiasi cha kupakuliwa mara moja na kidogo kwa siku, walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari aina ya pili kwa asilimia 14. Hao ni watu waliokuwa bado hawajaugua, na waliochunguzwa tu bila kupewa mboga. Nasema hivyo ili asije mtu akadai majani yameponya.

Karibuni.

#2 Kamanda_wa_Kigogo

Dada ubarikiwe, uzi umeshiba. Swali langu ni la usalama. Mimi saladi mbichi Dar naiogopa. Bustani za kando ya Mto Msimbazi tunaziona, na maji ya mto ule tunayajua. Kuosha kwa chumvi au siki kunatosha?

#3 BintiTabata

Mkuu, hofu yako ni ya haki. Maji machafu yanaleta mambo mawili tofauti. Kuna vijidudu, homa ya matumbo, kipindupindu, amiba na mayai ya minyoo, ambavyo vinakaa juu ya jani. Hivyo kuosha jani mojamoja kwa maji safi yanayotiririka kunapunguza sana. Siki na chumvi visikupe uhakika kamili. Kisha kuna madini mazito kutoka taka za mji, yanayopanda kupitia mizizi na kukaa ndani ya jani. Hayo huoshi kwa chochote, wala huchemshi yakaisha. Kwa hiyo cha msingi ni kujua mboga imetoka wapi. Saladi nyingi nzuri sokoni inatoka Lushoto na Mgeta. Muulize muuzaji, na ukimzoea mmoja usihamehame. Usipokuwa na uhakika, acha mbichi, kula ya kupika. Faida ya kujaza nusu ya sahani haipotei kwa sababu mboga imepita jikoni.

#4 Mkulima_Milimani

Mimi ni mkulima wa mboga huku Mgeta, nimefurahi kuona tumetajwa. Saladi inapenda baridi. Ikipata joto inakimbilia kuchanua, inatoa utomvu mweupe na kuwa chungu, ndiyo maana inatoka milimani. Ukikata shina ukaona utomvu mwingi na katikati pameanza kurefuka, hiyo imeshapitwa.

Jambo la dawa za wadudu nalisema kwa uchungu. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kopo. Wapo wenzetu wanapuliza leo, kesho gari la Dar linapakia. Jani linaloliwa bichi halina ganda la kumenya. Vueni majani mawili matatu ya nje mtupe, osheni yaliyobaki, na msione aibu kumuuliza muuzaji kama anamjua mkulima wake. Wanunuzi wakiuliza, sisi tunaosubiri tutapata bei inayotustahili.

#5 WaNakuru254

Asante dada. Huku Nakuru kwetu sukuma wiki haikosekani, na tuna managu, terere, saga na kunde. Shida ni vile tunapika, mafuta nusu kikombe na mboga inachemka hadi inakuwa nyeusi. Mama yangu siku hizi anakatakata sukuma nyembamba kabisa, anaifinyanga kwa mikono na ndimu na chumvi kidogo hadi ilainike, halafu anaweka nyanya na dania. Inalika mbichi bila kukwaruza koo. Je, managu pia naweza kumtengenezea hivyo?

#6 BintiTabata

Hapana kaka. Managu, sisi tunaita mnafu, ipikwe. Kisamvu ndiyo kabisa: majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi, lazima yatwangwe na kuchemshwa vizuri, chungu kikiwa wazi. Sitaki mtu asome hapa "saladi ya majani" akaenda kukata kisamvu kibichi. Na kisamvu cha nazi na karanga ni kitamu na kina lishe, ila mafuta yake ni mengi, mwenye kutafuta kupunguza uzito apime.

Hiyo ya kufinyanga sukuma kwa ndimu naichukua.

#7 TibaAsili_Pwani

Mnajichosha na sahani na rula. Chukua mlonge, mchunga, spinachi na tango, saga kwenye blenda, chuja, kunywa glasi mbili asubuhi. Sukari inakwisha. Nina wateja wameacha dawa za hospitali. Anayetaka aje faragha.

#8 NesiMstaafu

Wanangu, nimesoma kimya tangu jana, hapa siwezi kunyamaza. Nimefanya kazi kwenye kliniki za kisukari miaka mingi. Nimewapokea watu walioacha dawa kwa ajili ya juisi kama hii, wakaja na kidonda cha mguu kinachonuka, na wengine macho yameshaanza kuzimika. Kisukari aina ya kwanza ukiacha insulini unakufa, wala haichukui muda. Aina ya pili inakula taratibu bila kukuuma, ndiyo maana mtu anadhani amepona.

Na juisi yenyewe: ukichuja umetupa nyuzinyuzi, ambazo ndizo tulizozitaka. Spinachi mbichi ina oksaleti nyingi, kemikali ya asili ya mimea inayoweza kuganda na kuwa mawe kwenye figo. Kula kwa kiasi kwenye sahani si tatizo kwa wengi, lakini kunywa glasi kubwa kila siku kunaweza kuumiza figo, na wagonjwa wetu wengi figo zao zimeshachoka. Usiwaachishe watu dawa, mwanangu.

Sasa niwape tahadhari ambazo binti hakuzigusa, maana zinahusu dawa.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi vya kushusha sukari asiamke leo akafuta ugali wote akala bakuli la majani peke yake. Dawa itashusha sukari na tumboni hakuna kitu cha kuipokea. Atatetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ukipima na mashine ikaonyesha chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama haijapanda. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Anayetaka kupunguza wanga aende kwanza kliniki, daktari ampangie dozi upya. Metformini peke yake haina tabia hiyo sana.

Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, majani ya kijani yana vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Hatumkatazi majani. Tunamtaka ale kiasi kinachofanana kila siku, asile sinia zima wiki hii na wiki ijayo asiguse, maana vipimo vyake vitayumba.

Mwenye figo zilizodhoofu aliyeambiwa na daktari kuwa potasiamu yake iko juu, achemshe mboga kwenye maji mengi na kuyamwaga. Wengine wote msimwage maji ya mboga, mnatupa vitamini.

Na wale wa metformini kwa muda mrefu: dawa hii inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na kwenye majani haimo. Iko kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Miguu ikianza kuwaka moto au kufa ganzi, mwambieni daktari, apime na hilo pia.

#9 BintiTabata

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili mbili, na nimeomba wasimamizi wabandike jibu lako juu kabisa ya uzi. La B12 nitalipeleka kliniki, baba amekuwa akilalamika ganzi kwenye vidole vya miguu na sote tulidhani ni sukari tu.

#10 UmmuSalim_Muscat

Assalaam alaykum. Huku Oman tumejaaliwa jirjiri, majani membamba yenye ukali wa haradali. Sokoni yanauzwa kwa vifungu, bei rahisi, na mezani yanawekwa mabichi mazima pamoja na ndimu, mtu anakula na samaki na wali. Mume wangu ana kisukari. Tatizo ni kwamba jirjiri zinakuwa kidogo na wali sinia, tena sinia ya kula pamoja, huwezi kujua mtu kala kiasi gani. Nimeanza kumpakulia sahani yake peke yake. Mwanzo alinung'unika, kwamba kula peke yake ni kama kutengwa. Basi wanangu wakaomba na wao sahani zao, ikaisha.

Swali langu ni Ramadhani. Futari ya kwetu mnaijua: tende, uji, mihogo ya nazi, magimbi, kaimati, tambi. Majani yataingilia wapi hapo?

#11 NesiMstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Kabla ya Ramadhani mpeleke kwa daktari, wapo wagonjwa ambao kufunga ni hatari kwao, na dozi na saa za dawa lazima zibadilishwe. Akipimwa na kuambiwa anaweza, afuturu kwa tende moja na maji, akaswali Magharibi. Akirudi, bakuli la jirjiri na tango na samaki ndilo lianze, halafu achague kimoja tu: mihogo au tambi au uji. Tende nazo si sawa. Moja kubwa ya aina ya Medjool ina wanga gramu 18 hivi, ukila tatu zimeshakuwa mlo. Kaimati na shira yake mwachieni mgeni. Na kupima sukari kidoleni hakufunguzi, wanazuoni wengi wamelieleza hilo. Mashine ikisema chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue hapohapo.

#12 Dalali_wa_Buguruni

Mimi sina wa kunipikia. Mchana nakula kwa mama lishe, sahani inakuja ugali mlima, maharage, na mchicha kijiko kimoja. Nimegundulika na sukari mwezi uliopita. Haya ya bakuli na parachichi kwangu ni ndoto, nifanyeje?

#13 BintiTabata

Pole sana mkuu, na hongera kwa kuanza kuulizia mapema. Mama lishe ni wa kuzungumza naye. Mwambie akupunguzie ugali nusu na akuongezee mboga sehemu mbili zaidi, umlipe bei ileile au umwongezee mia mbili tatu. Wengi wanakubali, unga nao anaununua kwa hela. Maharage usiyaache, ni protini na nyuzinyuzi. Hesabu tu kwamba yana wanga pia, hivyo yasiwe bakuli zima juu ya ugali.

Beba tango lako na nyanya kutoka nyumbani, vimeoshwa, kwenye mfuko safi. Tango halihitaji kisu cha maana wala friji. Lile wakati unasubiri kupakuliwa. Hilo ndilo bakuli lako la kwanza. Sahani ikifika anza na mboga na maharage, tonge zije nyuma. Soda na juisi ya miwa ya pale nje uziache kabisa, hizo ndizo zinakupandishia kwa haraka kuliko chochote kilichoko kwenye sahani.

Ukipata mashine, pima kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, andika kwenye daftari pamoja na ulichokula. Kwa watu wazima wengi wanalenga chini ya 10 baada ya kula, ila lengo lako utapangiwa na daktari wako. Daftari hilo kliniki watalipenda kuliko maelezo ya mdomo.

#14 Dalali_wa_Buguruni

Nimekuelewa dada yangu. Huyu wa kwangu mchicha anapika siku mbili kwa wiki, siku nyingine zote ni kabichi. Kabichi nayo inahesabika kwenye ile nusu?

#15 BintiTabata

Inahesabika, mkuu. Gramu 100 za kabichi zina wanga gramu 6 hivi, bado ni kidogo sana. Mwombe tu asiizamishe kwenye mafuta, na kama anaikata mapema akuwekee kiganja kimoja mbichi na ndimu pembeni.